Ripoti ya Maendeleo ya Moyo Wangu

Mtaa wa Jericho, Jumapili, 16 Oktoba 1988. Hotuba niliyoitoa nyumbani baada ya chakula cha mchana, kesho yake nikingojewa kliniki kupimwa damu.

Mheshimiwa Mama Njoki, Waziri wa Jikoni, Fedha na Usalama wa Ndani. Mstahiki binti yangu Njoki, mwakilishi wa vijana. Mheshimiwa Balozi Maingi, Baba Muindi, wa nyumba ya pili, dereva na mfugaji mashuhuri wa kuku. Wazee wa ukoo mnaotutazama kutoka pichani ukutani. Mabibi na mabwana, hamjambo?

(Hatujambo. Mama Njoki anaangalia juu ya kabati.)

Mimi, Naftaly Gachanja, karani mwandamizi, Mwenyekiti, Mlezi na Mnufaika Mkuu wa Programu ya Kupunguza Kolesteroli kwa Njia ya Lishe, nina furaha isiyo kifani kuwasilisha ripoti hii. Mtakumbuka kwamba mwezi wa Julai daktari aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akalitazama tumbo langu, kisha akatamka kuwa mafuta yamezidi katika damu, na kwamba nisipopunguza vya kukaanga na kuanza kula uji wa oats kila asubuhi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huyanasa mafuta tumboni na kuyatoa nje, nitaifuata njia ya marehemu kaka yangu Chege, aliyeanguka akifunga kamba za viatu.

(Mama Njoki anafuta mikono ambayo haina maji.)

Serikali ya nyumba hii haikulala. Baada ya feasibility study, yaani upembuzi yakinifu wa kina, ilinunua mkebe mkubwa wa oats, ikauweka juu ya kabati la vioo, na kifuniko chake kikavishwa kitambaa alichofuma Mheshimiwa Waziri kwa mkono wake, ili kila mgeni auone na kutuheshimu. Nami nikatangaza hadharani kwamba nitaamka kabla ya wote na kujipikia uji mwenyewe. Mwanamume, mzaliwa wa Nyeri, ndani ya jikoni, na mwiko!

(Mama Njoki: "Nilikusifu hata kwa akina mama wa kanisa.")

Naomba taarifa hiyo iingie katika kumbukumbu. Sasa takwimu. Sufuria imepatikana na utelezi wa uji kwa asilimia mia moja ya asubuhi zote. Mshipi wangu, ni kweli, umeongezewa tundu, lakini wataalamu huiita hali hiyo kipindi cha mpito.

(Njoki: "Mpito wa kwenda wapi, buda? Shati limekataa kufunga!" Kicheko.)

Vijana wasitumiwe na wapinzani wa maendeleo.

(Maingi: "Mwenyekiti, fupisha, nina kuku wa kufungia." Mama Njoki: "Kwani huwa unawapa nini, Baba Muindi? Wamenona hata hawatembei." Maingi anakohoa.)

Swali hilo liko nje ya ajenda! Nitumie fursa hii kuwahakikishia kwamba ifikapo mwaka 2000 kila kaya, kuanzia hapa hadi Pumwani, itakuwa na mkebe wake, kitambaa chake, na sekretarieti yake ya kusimamia... Mheshimiwa Waziri, shuka kitini, hotuba haijaisha!

(Mama Njoki amepanda kiti na kuondoa kitambaa. Anautikisa mkebe, hausemi kitu. Anaufungua. "Nilitaka leo nikupikie mimi, Baba Njoki, kabla hawajakutoa damu. Oats ziko wapi?")

Mabibi na mabwana, kamati ilionja kijiko kimoja siku ya uzinduzi, ikakuta ladha ya gazeti lililolowa. Tangu hapo, kila alfajiri, nimekuwa nikikoroga konzi moja sufuriani, ili sufuria ichafuke ipasavyo, na kuimwaga nyuma ya ukuta kwa kuku wa Mheshimiwa Maingi, naye kwa moyo wa ujirani mwema akichinja mmoja kila Jumamosi, sisi wawili tukimkaanga kwake na kumla na ngozi yake, mimi nikiamini kwa dhati kwamba nyuzinyuzi zinanifikia, ila kwa kupitia kuku.

(Mama Njoki anashuka kitini, mkebe mkononi. "Mimi ndiye niliyemvua Chege vile viatu. Vyako sitaki kuvivua.")

Hoja imepita bila kupingwa.

Moyo juu! Mafuta chini! Uji kwa wote!

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Maingi kwa ushirikiano, na kwa namna ya pekee nawashukuru kuku wake, ambao ndio peke yao walioutekeleza mradi huu tangu siku ile ya uzinduzi, na ambao kama kesho wangepimwa wao, wangepita wote. Lakini nitakayepimwa ni mimi. Mama Njoki amesema atanisindikiza hadi ndani kwa daktari, na kwamba hotuba hii nitaisoma tena huko, yote, bila kuruka kuku hata mmoja.

Ndiyo maana nimeiandika hapa, kwa mwandiko wa kusomeka.