Jinsi Nilivyomfaulisha Raelynn Mtihani wa Jimbo

Jumatatu, 8 Aprili

Shule imeniita. (Haya nayasema tu kwa mdomo, simu ndiyo inayoandika.) Barua iliita mababu na mabibi wote wa darasa la tatu, lakini walikuwa wananitafuta mimi, hao wengine ni wa kujaza viti. Mtihani wa jimbo ni wiki ijayo. Hapa Mississippi mtoto asiyefaulu kusoma anabaki darasa la tatu mwaka mwingine mzima, hata aote ndevu. Raelynn, mjukuu wangu, ana miaka tisa, anaishi kwangu pamoja na mama yake. Hatarudia huyo. Mimi nilirudia la tatu mara mbili na vile viti vidogo vilinimaliza kiuno.

Mwalimu Odom ametugawa. Kila mzee meza moja na watoto wanne, awasikilize wanavyosoma. Nimepewa meza ya dirishani, Raelynn yumo. Meza ya pili kapewa Hoyt Pruitt. Huyo alipeleka barua za posta miaka thelathini, basi anadhani kusoma anwani za watu ni elimu. Akaniuliza mbele ya wote: “Verlon ndugu yangu, umekuja kusomesha au kusomewa?” Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, ya meno tu.

Mpango: nikikutana na neno refu, miwani nimeisahau garini.

Jumanne, 9 Aprili

Watoto wamesoma habari ya nyuki. Ukurasa mmoja na nusu! Nyuki gani huyo wa kuandikiwa yote hayo? Chini yake maswali kumi, kila swali majibu manne. Nikaona hapa watu wanapoteza muda.

Nikawafungulia siri iliyonipatia leseni ya udereva mwaka 1968. Habari usiisome. Ruka, nenda kwenye majibu. Jibu refu kuliko yote ndilo la kweli, maana mwongo hana subira ya kuandika sana. Yakiwa sawa kwa urefu, chagua C. Leseni yangu niliipata kwa C. (Mara ya nne. Zile tatu za kwanza nilikuwa bado naamini B.)

Watoto wamefurahi sana. Dakika mbili, maswali yote kumi. Meza ya Pruitt bado wanamtafuta malkia wa mzinga. Nikampungia mkono.

Raelynn peke yake alileta ubishi. Alitaka asome hadi mwisho, ajue nyuki wanaishia wapi. Nikamwambia wanaishia kwenye chupa ya asali, sasa chagua C.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo jaribio la mazoezi. Meza ya Pruitt imepanda. Yangu imeshuka yote, kama ndoo iliyokatika kamba. Raelynn alikuwa ngazi ya nne kati ya tano tangu Krismasi. Leo ya pili. Ngazi ya pili ndiyo ya kubaki.

Mwalimu Odom alinivuta pembeni akaniuliza kama kuna jambo limebadilika nyumbani. Nikamwambia hali ya hewa.

Jioni Misty, binti yangu, mama yake Raelynn, alikaa mezani na karatasi ya matokeo akalia bila sauti. Raelynn hakugusa chakula. Aliuliza kama wenzake wakienda la nne watakuwa bado wanamsalimia. Kisha akasema alichagua C mahali pote kwa sababu babu alisema. Basi tatizo nimeliona: njia ni ya watu wazima, nimemmiminia kwa wingi mno. Na Pruitt atakuwa amechangia kwa namna fulani. Bado nachunguza.

Ijumaa, 12 Aprili

Sherehe ya kuwatia watoto moyo. Ngoma, maputo, mabango. Bi Culpepper, mwalimu mkuu, mwanamke wa miaka sitini mwenye shahada mbili ukutani, aliingia ukumbini amevaa vazi la penseli kutoka utosini hadi magotini, na ncha kichwani. Alicheza. Watoto walipiga kelele. Halafu akawaambia wasiwe na hofu, ni mtihani tu, na kama wakifeli watarudia mwaka. Mmoja akaanza kulia hapo hapo.

Wazee wengine waliona kichekesho. Mimi niliona ujumbe. Penseli!

Jumapili, 14 Aprili

Nimechonga penseli mia mbili na kumi na mbili. Kwa kisu changu cha mfukoni, siku mbili, nikiruka kanisa. Ncha kama sindano. Nimejikata mara tano. Pruitt hawezi kitu kama hiki, vidole vyake vimezoea bahasha.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimepeleka penseli kwa ndoo ya chakula cha ng'ombe. Mwalimu Odom alichukua penseli moja, akaigusa ncha. Akasema, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba mtihani unafanywa kwenye kompyuta, na ni miaka mingi sasa. Nikauliza mbona basi mkuu wa shule alivaa penseli. Akasema vazi la kompyuta halikupatikana.

Darasa limefunikwa lote. Sheria ya mtihani: ukutani pasiwe na kitu cha kumsaidia mtoto. Wameziba alfabeti kwa karatasi ya kaki. Wameziba ramani na siku za wiki. Hata saa wameiziba, eti ina namba. Mwaka mzima mnabandika mtoto ajifunze, wiki moja mnaficha asije akajulikana amejifunza! Na bango langu lenye herufi C, kubwa kama sinia, nimelipaka rangi mwenyewe, nalo limezibwa. Aliyeshika gundi ya karatasi alikuwa Pruitt. Alikuwa anapiga mluzi.

Jumanne, 16 Aprili

Leo hisabati, kesho kusoma. Shule ilituma karatasi, Misty akanisomea: mtoto alale mapema, apate kiamsha kinywa kizuri. Haya, hapo wamefika kwangu. Mimi nimepikia kambi ya wakata magogo wanaume thelathini.

Niliamka saa tisa usiku. Mikate ya siagi, mchuzi mzito wa soseji, mayai, nyama ya nguruwe ya kukaanga, uji wa mahindi wenye jibini. Nikawalisha watoto wangu wanne nyuma ya gari kabla ya kengele. Sikumwachilia mtu na sahani yenye kitu.

Taarifa ya mchana: wawili walilala juu ya kompyuta. Mmoja alitapika kwenye kapu la taka, akasafisha, akaendelea, mtoto jasiri. Raelynn alifanya yote lakini anasema alikuwa anaona namba zinaelea. Watoto wa Pruitt walikula ndizi moja moja. Aliniambia mlangoni, “Verlon, walikuwa wanaenda kufanya hesabu, hawakuwa wanaenda kung'oa visiki.”

Mtu aliyelelewa kwa ndizi hawezi kuelewa.

Jumatano, 17 Aprili

Siku yenyewe. Niliomba kazi ya kukaa koridoni kuzuia kelele. Walinipa kiti na kibao cha kuwaambia watu wanyamaze. Hawakujua wamemweka simba mlangoni pa zizi.

Mpango ulikuwa safi. Kila dakika mbili nakohoa mara tatu. Mara tatu ni C. Raelynn nilikuwa nimemweleza asubuhi. Alikuwa anafunga kamba za viatu, nikadhani amekubali.

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mara ya sita nilikuwa nimeshapata mdundo mzuri. Ndipo akatokea bibi mmoja aliyetumwa na jimbo, na ubao wa kuandikia kifuani, akasimama mbele yangu kuandika. Aliniuliza jina. Nikamwonyesha kibao cha kunyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Raelynn ametoka na Mwalimu Odom, ameomba kwenda msalani. Hakwenda msalani. Alikuja hadi kwenye kiti changu, amekunja ngumi zote mbili.

“Babu, kila mtu ana maswali yake, hayafanani. Na ukiendelea kukohoa watafutilia mbali mtihani wa darasa zima.”

Nikamwambia namsaidia.

“Mimi najua kusoma, babu. Nenda kakae garini.”

Mwalimu Odom aliangalia dari. Yule bibi wa jimbo aliacha kuandika. Nikaondoka. Si kwamba nilitii, koo lilikuwa limekauka.

Nimekaa garini saa mbili na nusu. Kulikuwa na gunia la chakula cha ng'ombe kwenye kiti. Nikajaribu kusoma maandishi yake, mstari wa kwanza tu, kupoteza muda. Miwani nilikuwa nayo. Haikusaidia.

Ijumaa, 17 Mei

Matokeo yamekuja kwa barua. Raelynn aliisoma mezani kwa sauti, haraka, bila kukwama popote. Ngazi ya nne! Anapanda darasa. Misty akamkumbatia hadi mtoto akalalamika mbavu. Mimi nilikwenda nje kuangalia kama geti limefungwa, na nikakaa huko kidogo, upepo uliniingia machoni.

Kulikuwa na karatasi ya pili. Ya Bi Culpepper. Raelynn aliisoma nayo yote, hakuruka hata neno: shule inamshukuru Bwana Verlon Tackett kwa moyo wake, na inamwomba kwamba wiki ya mtihani mwakani asivuke maegesho ya magari. Kisha akaikunja, akaniangalia, akauliza kama likizo hii nataka tusome wote wawili, dakika ishirini kila jioni, yeye awe mwalimu. Nikakubali. Mtoto asipofanya mazoezi kwa mtu anayejua, husahau.

Nimeifikiria ile karatasi. Wazee kumi na wawili walisaidia darasa la tatu. Aliyeandikiwa barua na mkuu wa shule, kwa jina lake kamili, ni mmoja. Pruitt kabeba barua miaka thelathini na shule haijamwandikia hata mstari.

Na maegesho yameishia kwenye uzio. Barabara iliyo nje ya uzio ni ya kaunti, nailipia kodi, na madirisha ya darasa la nne yanatazama huko huko. Jumapili nitamwuliza mchungaji kama kipaza sauti cha kanisa kinaazimwa.