Sekela Anamwogopa Mkuu

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Mvua. Kwetu Singida wingu likitokeza, watu hutoka nje kulitazama. Huku Rungwe hutoka nje kutazama jua.

Barua imefika! Chuo cha ng'ambo kimekubali kuyafikiria maombi yangu ya kusomea saikolojia ya shule. Kilichobaki ni maelezo ya ukurasa mmoja: kwa nini naitaka taaluma hii, na nina uzoefu gani. Yawe yametumwa ifikapo tarehe 3 Mei.

Sababu ninazo. Uzoefu sina. Serikali imefunga ajira, kila kitu sasa ni huria, na shahada yangu imeishia kufundisha Uraia katika sekondari ya wazazi isiyo na dari. Hata hivyo sikukata tamaa. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa stoo: OFISI YA USHAURI WA KISAIKOLOJIA. Alikuja mwanafunzi mmoja. Alitaka jembe.

Jumatano, 17 Aprili

Nimempata mgonjwa! Tena alikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Ni Sekela, mpiga chapa wa shule. Mkuu wetu, Mzee Ambindwile, ana kikohozi kikali kinachomshika kila anapokaribia kona ya ofisi. Sekela akikisikia tu, huacha neno katikati, hujifunika kanga na kutoka kwa mlango wa nyuma, hata mvua ikiwa ya mawe. Karatasi za kuchapwa hupitishwa na Mwalimu Jotham wa Hisabati. Jina la Mkuu halitamki kabisa. Humwita "yule mkubwa".

Woga uliokithiri wa mamlaka. Katika kitabu changu cha saikolojia umeelezwa vizuri.

Nilimdokezea Jotham kwa siri, kwa kuwa ni mwenyeji. Alicheka hadi akashika ukuta. Akasema ugonjwa huo huku kwao huwapata wasichana wengi, na kwa kawaida huishia kanisani. Nikamjibu kwamba maombi ni mazuri, lakini sayansi nayo ina nafasi yake. "Basi ponya, daktari," akasema, "ponya tu! Sisi tutashangilia."

Wivu. Mwenzangu hana hata shahada.

(Kumbuka: kumshauri Mkuu aende hospitali ya Igogwe akapimwe kifua.)

Ijumaa, 19 Aprili

Mazungumzo ya kwanza, stoo. Mimi juu ya ndoo, yeye juu ya mfuko wa mbolea. Aliniletea parachichi, akidai nimekonda na wa kwetu wakiniona watasema Wanyakyusa wana uchoyo.

Nilimuuliza kitaalamu kama anamwogopa Mkuu. Akainamisha uso, akasema ni lazima amwogope. Tangu lini? Tangu Februari. Kulitokea nini Februari? Akaona haya, akazungusha kidole kwenye pindo la kanga, akasema ng'ombe waliingia kwao.

Ng'ombe wa nani? "Wa yule mkubwa," akanong'ona.

Yote yakawa wazi! Ng'ombe wa Mkuu wameingia shambani, wamekanyaga migomba ya familia, na msichana akapata mshtuko. Nilimpa pole nyingi kwa niaba ya taaluma. Akanitazama kwa mshangao, kisha akasema ahsante.

Naye akauliza kama kwetu Singida hawaogopi. Nikajibu kwamba kwetu mkubwa huheshimiwa kwa kutazamwa usoni. Akaziba mdomo. "Jamani, Mwalimu! Kwenu hamna adabu kabisa."

Ana mwanya. Hilo si sehemu ya kesi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeandika "Sababu za Kuipenda Taaluma Hii" na kuzifuta. Nilianza na maendeleo ya taifa. Baadaye utandawazi. Kisha, sijui kwa nini, nikaandika habari za kidato cha pili: namna nilivyopata salamu kwamba mama amefariki na ameshazikwa, nikalia nyuma ya bweni muhula mzima, na kati ya walimu wote hakuna aliyesimama kuniuliza, "Una nini?" Maneno mawili tu. Hadi leo, nikiwa katikati ya watu, huwa naona kama nayangojea.

Nimezifuta. Wazungu watadhani ninaomba huruma. Nimerudisha maendeleo ya taifa.

Jioni niliteremka Kiwira mnadani kununua koti la mtumba, zito, lenye viraka vya ngozi viwikoni. Sekela alipoliona njiani akasema sasa ninafanana na mtu wa maana. Nilitembea hadi nyumbani bila mwavuli nikirudia maneno yake. Ninawaza: mgonjwa akipona, si mgonjwa tena. Hapo maadili hayatamzuia mtu kumwalika chai.

Alhamisi, 25 Aprili

Mpango umekamilika. Kitabu kinasema anayeogopa akutanishwe na kile anachokiogopa, ghafla, mahali salama, njia ya kukimbilia ikiwa imefungwa. Jumatatu nitafunga mlango wa nyuma kwa kufuli. Nitamwita Mkuu aje kuiona mashine ya chapa, kwamba imekwama. Watatazamana. Woga utayeyuka. Nitakuwa na uzoefu.

Tatizo ni kile kikohozi, kwa kuwa humshtua mgonjwa mapema. Nimempelekea Mkuu pipi za kifua. Amezipokea kwa heshima na kusema hana kikohozi. Wazee hawakubali kuugua.

Jumatatu, 29 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilishuka juu ya mabati saa ile ile ya mpango. Kikohozi hakikusikika. Nikasema moyoni, hata mbingu zinaisaidia sayansi! Mkuu akafungua mlango.

Sekela alipiga ukelele, akakimbilia mlango wa nyuma, akakuta kufuli, akavuta kifuniko cha mashine ya chapa na kujifunika nacho kichwa. Kumbe Mkuu ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi! Alijifunika uso kwa koti lake, akageuka, akagonga fremu ya mlango, akageuka tena, akaruka nje kupitia dirishani. Mzee wa kanisa. Dirishani. Akaangukia kwenye matope ya bustani ya kidato cha tatu, ambao walikuwa ndani yake.

Jotham alifika akiwa amejishika mbavu. Ndipo akaniambia. Lugano, kijana wa Mkuu anayefanya kazi mgodini, ndiye mchumba wa Sekela. Ng'ombe wa Februari walikuwa wa mahari. Tangu siku hiyo mkwe na mkwe hawaonani. Ndivyo heshima ilivyo huku. Kikohozi kilikuwa cha kumpa mtoto wa watu nafasi ya kupita.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ulisema una sayansi," akajibu.

Sikula.

Jumanne, 30 Aprili

Wazee wa pande mbili wameketi. Nimetakiwa kuleta jogoo wa kusafisha njia. Nimeleta. Nikaomba radhi kwa hotuba niliyoiandaa vizuri, yenye dibaji. Shangazi yake Sekela, Mama Felista, alinikatiza katikati: "Mwanangu, kaa chini, jogoo ameshasema." Wakacheka, hata waliokuwa wamekasirika.

Kisha akaniweka kwenye kamati ya harusi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kanisani bibi harusi na baba mkwe hawakutani. "Uliyeweza kuwakutanisha," akasema, "utaweza kuwatenganisha."

Nilikubali. Ningefanyaje?

Alhamisi, 2 Mei

Nilikuwa stoo peke yangu, koti limening'inia msumarini. Sekela aliingia bila kubisha. Hakuwa amekasirika. Aliketi juu ya mfuko wake wa mbolea, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, una nini?"

Kifua kikanibana ghafla. Nadhani ni baridi.

Nilimweleza kwa upole kwamba katika chumba hiki mimi ndiye ninayeuliza maswali. Akaacha parachichi juu ya ndoo, akaenda zake. Nilisikia viatu vyake kwenye matope mpaka mvua ikavifunika.

Ijumaa, 3 Mei

Nimetuma! Posta ya Tukuyu, kabla hawajafunga.

Sababu: maendeleo ya taifa. Uzoefu: "Nimemhudumia mgonjwa mmoja wa woga mkali, kwa njia ya kumkutanisha na anachokiogopa. Baada ya tiba ameimarika kiasi cha kuweza kuolewa."

Nikiwa narudi, nilimwona Mkuu akija njiani kutoka upande wa pili. Nikavua kofia nimsalimie. Aliponitambua alisita, akatazama huku na huku, akakata kona na kupotelea kwenye migomba ya watu, mwavuli na yote.

Nilisimama pale nikilowa, moyo ukinidunda kwa furaha. Kujificha, kukwepa macho, kubadili njia. Dalili zile zile!

Kesho nitakwenda kununua kufuli la pili.