Mtu Mmoja Tu wa Nje ya Jimbo

Jumatatu, 15 Aprili

Theluji tena. Kikao asubuhi, kahawa ya juzi. Bosi wetu, Marlys Kvale, akatangaza kwamba mwaka huu watu wa nje ya jimbo wamepungua. Hakuna aliyeuliza maana yake. Sisi wa ofisi ya kuandikisha wanafunzi wa chuo tunaijua hata usingizini. Mtoto wa hapa Montana analipa karo ndogo. Mtoto wa nje ya jimbo analipa mara tatu yake, na ile ziada ndiyo inayowasomesha watoto wetu ambao wazazi wao hawana kitu. Tajiri wa nje asipokuja, maskini wa ndani anabaki nyumbani. Marlys akasema foleni ya msaada imesimama. Kila mgeni wa ziada atakayelipia nafasi yake kufikia tarehe mosi Mei atamsogeza mtoto mmoja wa hapa.

Wa kwanza kwenye foleni: Josie Teague, binti wa jirani yangu Wanda.

Tatizo ni moja. Wanda nilishamwambia msaada umepita. Ilikuwa jana, kwenye chakula cha pamoja kanisani, mdomo wangu umejaa viazi vyake vya jibini. Aliniuliza kwa unyonge. Nikaona huruma, nikasema mambo tayari. Akalia mbele ya watu. Kisha akaniongezea viazi, na akanipa bakuli zima niende nalo nyumbani. Ningefanya nini?

Hata hivyo hali si mbaya. Nahitaji mgeni mmoja tu. Mmoja! Mwenzangu wa ofisini, Trent Maddox, huwaleta kwa makundi, lakini wake wameshahesabiwa. Ukutani mwetu inaning'inia kengele ya ng'ombe, na mgeni akilipa, aliyemleta huipiga. Trent ana umri wa kuwa mwanangu na meno ya kutangazia dawa ya mswaki. Leo ameipiga kabla sijavua koti. Yeye amepewa California na Texas. Mimi nimepewa kwingineko.

Jumatano, 17 Aprili

Hila ya kwanza: simu. Nikampata mama mmoja wa Arizona mwenye binti mzuri wa hesabu. Nikamwambia majira ya baridi hapa ni mafupi na wakati huu tunatembea na mashati.  Kisha akaniuliza kwa upole kama yule bwana wa koti jekundu alipata nafuu. Bwana gani, nikauliza. Akasema asubuhi alikuwa anaangalia kamera ya chuo kwenye mtandao, akamwona mtu akianguka kwenye barafu mbele ya maktaba, akajaribu kuinuka, akaanguka tena.

Koti jekundu ni langu. Nikamwambia simfahamu.

Binti anakwenda Hawaii.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilikwenda dukani kununua mkate. Josie yuko pale anapanga makopo kwenye rafu, kazi yake ya baada ya shule. Anataka kusomea udaktari wa mifugo. Bonde zima lina daktari mmoja wa ng'ombe, na macho yake yameanza kumtupa. Josie akanionyesha kwenye simu picha ya blanketi alilonunua kwa ajili ya bweni. Lina rangi za chuo chetu. Akauliza barua ya msaada itafika lini, maana mama yake kila jioni anafungua sanduku la posta mara mbili. Nikasema posta siku hizi, si unajua. Akasema anajua.

Muuza nyama akanipongeza. Kinyozi naye akanipongeza. Wanda ameeneza habari bonde lote. Nimekula mkate mkavu na sijasikia ladha yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya wageni kuzungushwa chuoni. Wanafunzi wanaowazungusha wote wanaumwa matumbo kwa maharage ya pilipili ya jana. Trent akachukua kundi moja, mimi nikabaki na la pili.

Mzungushaji hutembea kinyumenyume. Ndivyo inavyofanywa vyuo vyote. Unawatazama wageni usoni, unatabasamu, unaongea, na miguu inarudi nyuma. Trent hurudi nyuma kama ana macho kisogoni. Mimi nilikwenda vizuri mpaka jengo la kilimo. Nilikuwa nasema hapa usalama ni wa hali ya juu. Kisha ardhi ikaisha.

Mtaro. Maji ya theluji mpaka kiunoni! Aliyenivuta alikuwa bwana mmoja mkubwa, Doug Hanrahan, wa California, aliyekuja na mwanawe Colby. California ni ya Trent, najua. Lakini kundi lilikuwa langu, na aliyekuwa mtaroni ni mimi. Hanrahan alicheka mpaka akashika magoti. Halafu akachungulia mle nilimotoka, akauliza kama mito ya huku ina samaki.

Nikiwa bado natiririka maji nikamwambia kwamba mimi ni mvuvi tangu utotoni. Nilivua mara moja, nikiwa na miaka tisa. Nilivua kofia ya baba. Lakini nimeshamwalika kesho, na Trent aliona kwa macho yake tukipeana mikono. Furaha hiyo imenipasha joto kuliko blanketi.

Jumapili, 21 Aprili

Wanda alinikopesha fimbo ya kuvulia ya marehemu mumewe, Roy, na suruali yake ndefu ya mpira. Alisema Roy angefurahi, kwa yote ninayomfanyia Josie. Niliangalia viatu vyangu.

Roy alikuwa na miguu mirefu. Suruali ikajaa maji, nikasimama mtoni kama mtungi. Hanrahan hata hakuona. Alikuwa anavua! Tangu Oktoba sijaliona jua likitoka hivyo. Milima yote ikawa wazi, kijito kinameta, kulungu akaja kunywa maji ng'ambo. Ningemlipa yule kulungu kama ningejua pa kumlipia.

Baadaye akanywa kahawa kwenye baraza yangu. Nikamwagia sifa zote: hakuna kelele, hakuna foleni za magari, dukani hatutozwi kodi, jirani anakuachia bakuli la viazi mlangoni. Akaniuliza nyumba ile ya pili yenye dirisha kubwa ni ya nani. Nikamwambia anakaa Wanda, lakini mwenyewe ni mzee Pederson, ambaye ndiye mwenye hii yangu pia, na siku hizi anakaa Arizona kwa ajili ya mifupa yake. Akaomba namba yake. Namba ya Pederson iko kichwani, maana kila tanuri la kupasha nyumba joto likizima ndiye ninayempigia. Nikamtajia. Mgeni anapouliza, unamjibu, ndiyo kazi yangu.

Alipoondoka alinikumbatia. Huyu nimempata.

Jumanne, 23 Aprili

Hanrahan amepiga simu saa ya kazi, sauti juu: wanakuja! Familia nzima imekubali. Nikatupa simu, nikaenda ukutani, nikaipiga kengele ya ng'ombe mpaka watu wa ofisi ya chini wakaja kuuliza kama kuna moto.

Marlys akapiga makofi. Akasema malipo ya nafasi yakiingia tu, Josie Teague amepita. Trent akanipa mkono, vidole vitatu tu. Akasema hongera, mzee wangu, ingawa huyo alikuwa wa California. Nikamwambia mtaro hauna mipaka ya majimbo. Jibu zuri. Nimekuwa nalifikiria jibu hilo mchana kutwa.

Jioni nilimwambia Wanda kwamba sasa ni uhakika. Akashangaa, kwani mwanzo haukuwa uhakika? Nikasema ulikuwa uhakika wa kawaida, huu ni uhakika kamili. Amenioka pai ya beri za mlimani. Nimeimaliza peke yangu.

Ijumaa, 26 Aprili

Malipo hayajaingia. Trent anauliza kila baada ya muda, kwa huruma ya uongo. Nikampigia Hanrahan.

Akafurahi kunisikia. Akanishukuru kwa jinsi nilivyomfungua macho. Akasema mhasibu wake amepiga hesabu, na mtu mwenye akili halipi karo ya mgeni miaka minne kama anaweza kuwa mwenyeji. Kwa hiyo wanahamia kabisa. Wamenunua nyumba. Colby hataanza chuo mwaka huu. Atakaa mwaka mzima akivua samaki, ndipo aingie kama mtoto wa Montana, kwa karo ya mtoto wa Montana. Akasema wazo lote ni langu. Akasema tutakuwa majirani.

Nikamuuliza nyumba ipi, nikijua.

Ile yenye dirisha kubwa.

Nilimweleza Marlys habari ya mwaka mzima, ya nyumba sikuthubutu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alivua miwani akasugua macho, akasema, "Nimechoka, Verlin, nenda nyumbani." Desturi ya ofisi ni kwamba anayepiga kengele bure ananunua donati kwa wote. Trent anataka za chokoleti.

Jumatatu, 29 Aprili

Pederson amempa Wanda notisi. Aondoke ifikapo mwisho wa Juni.

Wanda alinisimulia kwenye uzio, mikono ndani ya aproni. Hajui nani aliyempa mnunuzi namba. Amezunguka bonde zima. Nyumba za kupanga zimeisha, na zilizopo zimepangishwa kwa watalii wa kuteleza kwenye theluji. Atahamia kwa dada yake Idaho. Si mbali, akasema, ni kuvuka mlima tu. Na Josie si atakuwa bwenini? Kuna msaada.

Mimi ndiye ninayejua kanuni. Mama akihamia Idaho, binti anahesabiwa mtu wa Idaho. Hakuna msaada tena. Josie atatozwa karo ya mgeni, ile ya mara tatu, ya kumsomeshea mtoto wa mtu mwingine. Nilipomwuliza Trent kama kuna mwanya wowote, alifikiri kidogo akasema, basi mzee wangu, mtu wako wa nje ya jimbo umempata. Kisha hata yeye akaona aibu, akarudisha donati yake kwenye sanduku.

Jioni nikarudi kwenye uzio nikamwambia Wanda yote. Viazi, uongo, kengele, namba. Sikupunguza kitu. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapita langoni, akaingia jikoni kwangu, akachukua bakuli lake la viazi, akatoka. Nilikuwa sijaliosha. Nimekaa gizani na nimejisikia mtu wa hovyo, na nimekuwa hivyo kweli.

Jumatano, 1 Mei

Siku ya mwisho. Asubuhi Trent alimpata mgeni mmoja wa ziada kutoka Texas. Hakuipiga kengele. Alikwenda kwa Marlys, wakaongea mlango umefungwa, akatoka akasema nafasi ni ya yule binti, mradi awe na anwani ndani ya jimbo. Hakunitazama. Sijui nimchukie vipi sasa, na hilo nalo linachosha.

Anwani! Hapo nilikuwa tayari. Nyumba yangu ina vyumba viwili chini ya sakafu, vikavu, vina dirisha. Nikavuka uzio nikavitoa bure, mpaka Wanda apate pengine. Aliniacha nimesimama mlangoni muda mrefu. Mwishowe akasema atakubali kwa ajili ya Josie, na ana sharti moja: nisizungumze na mgeni yeyote kuhusu jambo lolote. Akasema, "Jirani, we ukiona mtu na miwani ya jua, funga mdomo." Nikaapa.

Josie ameanza kuleta vitu mchana huu. Ametandika lile blanketi kwenye kitanda cha chini, ametoka kwenye ngazi, ameniambia asante kwa sauti ndogo. Sikustahili. Barua ya msaada aliyopewa leo na Marlys imo mfukoni mwake, imeshakunjwa mara nyingi. Kama hawa wawili wana paa, basi mambo yametengemaa, na mimi nimejifunza. Nimelijua kosa langu lilipokuwa. Lilikuwa samaki. Nisingemwonyesha Hanrahan ule mto, yasingetokea haya.

Kwa hiyo jioni, Hanrahan alipopita na shemeji yake Bridget kutoka Oregon, mama wa mapacha wanaomaliza shule mwakani, nilikuwa macho. Mapacha! Wageni wawili kwa mpigo, na Oregon ni kwingineko, ni yangu kihalali. Alikuwa na miwani ya jua, kweli, lakini aliivua alipoketi. Mto sikuutaja. Samaki sikuwataja hata mara moja. Nilimkalisha kwenye baraza, nikampa kahawa, nikamwacha atazame milima mwenyewe. Jua likazama vizuri. Wanda alikuwa ndani anapanga vyombo vyake kwenye makabati yangu.

Bridget alisema hajapata kukaa kwenye baraza nzuri kama hii. Akauliza nyumba hii ni ya nani. Nikamwambia ni ya mzee Pederson wa Arizona, mtu mwungwana sana. Akaomba namba, nikamtajia.

Kesho nakwenda kazini mapema. Kengele imening'inizwa juu mno. Nataka niishushe karibu na meza yangu.