Kitanda Kimoja cha Mtoto na Mabomba Yenu Kumi na Saba

Kwa Mhariri wa jarida la kujitengenezea samani nyumbani

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti kilichopakwa rangi. Sisi huku hatujambo, ila kiti cha namna hiyo hatuna, na ndiyo sababu nakuandikia.

Mume wangu ni karani, lakini mikono yake ni ya seremala. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, alitengeneza kitanda cha mtoto chenye fito ishirini na nne, hakitikisiki hata ukikisukuma kwa goti. Kilibaki kupakwa rangi tu, kazi ya Jumamosi moja. Akaenda kununua brashi. Akarudi na brashi pamoja na jarida lako, na malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Katika toleo lile mliandika kwamba brashi huacha michirizi, na kwamba mtu anayejiheshimu hupuliza rangi kwa bomba. Sikatai. Lakini mngetaja bomba moja mkanyamaza. Ninyi mlitaja kumi na saba! La kikombe cha rangi juu, la kikombe chini, la umeme la kushika mkononi, la kuunganishwa na kompresa ya upepo, lenye tundu dogo la vanishi, lenye tundu kubwa la rangi nzito. Mume wangu akasema, "Tusubiri toleo lijalo, watatoa matokeo." Brashi ile ninayo mpaka leo. Naitumia kupangusa vumbi la kitanda.

2. Matokeo yalitoka, na kila mwezi yanatoka mengine. Mara nne mume wangu amefika dukani. Mara ya nne mwenye duka alikwisha kulifunga bomba kwenye karatasi, mkatoa ile makala ya "Tulikosea Kuhusu Kikombe". Siku hizi mwenye duka akimwona anamvutia kigoda, kisha anaendelea kuhudumia wanunuzi. Watoto wa mtaa wanamwita Toleo Lijalo, naye anaitika. Nilimkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Akanijibu kwa upole, "Jembe halina kikombe, mke wangu."

3. Kitanda kisichopakwa rangi hakilaliwi, hiyo ni sheria ya mume wangu. Kwa hiyo binti yetu analala katikati yetu tangu azaliwe, na sasa yuko darasa la pili. Juzi mwalimu aliwaambia wachore familia zao. Wetu akachora vichwa vitatu kwenye mto mmoja, nikaitwa shuleni. Nilimweleza mwalimu habari za mabomba tangu mwanzo hadi mwisho. Alinitazama kwa huruma akaniuliza kama nina ndugu karibu. Na sasa nina mimba ya pili, ya miezi minane. Imepatikanaje, Ndugu Mhariri, usiniulize. Ni ushahidi tu kwamba yapo mambo ambayo mume wangu huyafanya bila kungoja ushauri wenu.

4. Ugonjwa umeenea. Kabati, meza na viti sita, vyote amevitengeneza yeye na vyote viko utupu. Tunatandika majarida yako juu ya viti ili wageni wasichomwe na vibanzi. Mama mkwe alikuja kunitazama, akakalia kiti ambacho jarida lake lilikuwa limeondolewa lisomwe. Sitataja kibanzi kiliingia wapi. Nilikitoa kwa kibano huku akinifundisha kwamba nyumba ni mwanamke. Mwanawe alikuwa sebuleni, anasoma ukurasa wa kumi na tisa.

Hapa sitanii tena. Nimechoka, na naumia. Mtoto anakuja baada ya wiki tatu, na kitandani petu hapana nafasi ya mtu wa nne. Anayelala ukingoni ni mimi, na nimeshaanguka mara moja na tumbo hili.

Basi naomba toleo lijalo litangaze kwamba mabomba yote kumi na saba ni sawasawa. Kama kusema uongo kunakusumbua, chapa nakala moja tu ya uongo uilete kwetu. Hilo likishindikana, njoo wewe mwenyewe ulale ukingoni, nami nitalala ofisini kwako juu ya meza. Na kama hata hilo ni zito, andika mstari mmoja: "Baba, chukua lolote." Bomba ni bomba. Mtoto hataamka kuuliza kikombe kilikuwa wapi.

Nisalimie wote hapo ofisini, wachapaji na wafagiaji, na hata yule anayepima mabomba, ambaye namwombea likizo ndefu.

Wako ambaye subira imemwishia,
Mama wa mmoja na nusu

Baada ya sahihi: Nilikwisha kufunga bahasha mume wangu aliporudi na bomba. Amenunua kweli! Alikwisha kumimina rangi, amevaa kofia kuukuu, binti yetu anamshangilia uani. Nilishukuru hadi machozi yakanitoka. Kisha nikalitazama vizuri: kikombe kiko chini. Sasa, ukurasa wa kumi na tisa, ambao nimeukalia miezi saba, unasema wazi kwamba kwa fito nyembamba ni kikombe juu. Nimemwambia alioshe, alirudishe dukani. Tafadhali nijulishe upesi, hilo la kikombe juu tundu lake liwe kiasi gani? Usipowahi, si neno. Dada mtu atasogea, nami ukingo nimeshauzoea.