Chumba cha Uzazi Kisichopata Joto

Hotuba ya Ndugu Eliakunda, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Kudumu ya Ujenzi wa Matabaka, aliyoitoa katika kijiji cha Kisiwani siku ya kufungua rasmi chumba kipya cha uzazi. Imenukuliwa kama ilivyosemwa, pamoja na yaliyotokea wakati ikisemwa.

Ndugu wananchi, kabla sijataja vyeo vya watu, vikiwemo vyangu, naomba radhi kwa kimya kirefu. Tangu masika ya mwaka juzi, nilipokuja hapa nikawaahidi chumba cha uzazi, hamkusikia neno lolote kutoka kwangu. Wapo waliodhani nimehamishwa, wapo waliodhani nimekufa, na nasikia wapo hata waliofurahi. (Kicheko.) Kimya kile, ndugu zangu, hakikuwa kimya cha uzembe. Kilikuwa kimya cha kitaalamu.

Baada ya kusema hayo: Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Swalehe, mshika baragumu la msaragambo, la kutuitia kazi ya pamoja, ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, ndugu wajumbe wa Kamati yangu, ambao hawakuweza kufika kwa sababu wamo katika kikao cha Kamati, ndugu mkunga wetu mkuu, Bi Mwanahalima, shikamoo bibi (anaitika marahaba bila kuinua macho), ndugu viongozi wa dini, akina mama wajawazito, akina mama waliokwisha jifungua, na akina mama wenye nia, wazee wangu mlioshuka kutoka kwetu Myamba, ndugu wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mliokuja kutoka kila pembe ya taifa letu, ndugu wafugaji mliosimama kule nyuma pamoja na ng'ombe wenu, na wewe dereva wangu, Ndugu Lugano, mwenyeji wa Mbeya, uliyenileta salama kwa lori la Kamati: nawasalimuni nyote kwa jina la maendeleo. (Makofi ya mtu mmoja. Watu wanageuka na kuona kuwa ni dereva.)

Tatizo letu mnalijua. Chumba cha zamani cha uzazi kilikuwa na kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na juu yake mabati. Ilipofika saa saba mchana, mama aliyelala ndani alikuwa anaokwa. Bi Mwanahalima alifunga safari hadi ofisini kwangu Same, akaniambia mbele ya wageni kwamba watoto wa Kisiwani wanazaliwa wakiwa wamekwisha iva. (Kicheko.) Kauli hiyo sikuikubali wala sikuikataa. Niliiundia Kamati.

Kamati hiyo, ambayo mimi ndimi Katibu wake, Mweka Hazina wake na, Mwenyekiti anapougua, Mwenyekiti wake, ilifanya utafiti wa kina, wa upana na wa urefu, kuhusu tabia za kimakanika na za kijoto za kuta zenye matabaka yanayobadilika hatua kwa hatua. Mtaniuliza, wewe Eliakunda, mtoto wa Myamba, ambako watu hushinda ndani ya blanketi, joto umelijulia wapi? Nami nawajibu kwamba nimekulia katika baridi, na kwa hiyo joto nalifahamu kwa njia ya kinyume chake. Naomba pia ieleweke kwamba matabaka ninayoyasema hapa siyo yale tunayoyapiga vita katika siasa yetu. Haya ni matabaka mazuri.

Sasa nifafanue kwa lugha nyepesi. Kwa nini plasta ya saruji hubanduka kwenye ukuta wa udongo? Jua likiwaka, saruji hutanuka kwa kipimo chake na udongo kwa kipimo chake. Jua likizama, kila kimoja hurudi kwa mwendo wake. Na pale vinapokutana ndipo ugomvi unapoanzia. Mama anayesonga ugali analijua jambo hili. Ukoko na sufuria hushikana vizuri wakati wa moto, lakini sufuria ikipoa, ukoko unajibandua wenyewe, hata mtoto mdogo anaung'oa kwa kidole. Dawa yake ni kutoruka. Usitoke kwenye udongo ukaangukia saruji ghafla. Ndani kabisa uweke udongo mtupu; tabaka linalofuata ulitie chokaa kidogo; linalofuata ulizidishie; uendelee hivyo hadi nje iwe chokaa tupu, na asiwepo mtu wa kunyoosha kidole na kusema kwamba hapa udongo umekwisha na hapa chokaa imeanza. Katikati yake unalaza nyuzi za mkonge, kwa sababu udongo ukigandamizwa huvumilia lakini ukivutwa hukatika, na mkonge ukivutwa ndipo unapoonyesha uhodari wake. (Wafanyakazi wa mkonge wanapiga makofi kwa mara ya kwanza.) Ukuta wa namna hiyo, ndugu zangu, mchana hulizuia joto nje, na usiku humtunzia mzazi na mwanawe uvuguvugu wa kiasi.

(Bi Mwanahalima anauliza kutoka mstari wa mbele ukuta wenyewe uko wapi.)

Nafika huko, bibi. Kwanza naomba mzingatie kwamba hata uongozi wetu umejengwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kero ya mwananchi huanza ikiwa ya moto sana. Inapita kwa balozi, inapungua moto kidogo. Inapita kwa mwenyekiti, inapungua tena. Inapita katika kamati ndogo, kamati kubwa na kamati ya kuzipatanisha kamati hizo mbili. Na inapofika mezani kwangu imepoa kabisa, naweza kuishika kwa mikono mitupu. Huo ndio ustadi wa matabaka.

Sasa tuje kwenye vitendo. Hapa mezani, chini ya kitenge hiki, ninacho kipande cha ukuta kilichotengenezwa na mafundi wa Kamati na kuandikwa kwa rangi nyekundu MFANO BORA. Kimekaa juani tangu asubuhi ili kipimwe mbele yenu. Naomba mkitazame jinsi kilivyoshikamana (kabla hajamaliza, anavuta kitenge, na ganda lote la nje la kipande hicho linabanduka na kuanguka mezani; kicheko kirefu) na jinsi kilivyojitenga. Mmejionea wenyewe. Kipande hiki kilitengenezwa makusudi kwa njia ile isiyofaa, udongo na saruji, ili nanyi mwelimike.

(Mtu mmoja anauliza kwa nini basi kimeandikwa mfano bora.)

Ni mfano bora wa njia mbaya. Tuendelee.

Takwimu. Tangu masika ya mwaka juzi hadi leo, chumba kipya cha uzazi cha Kisiwani kimepata nyufa sifuri. Masika mawili yamepita, na hakuna tone lililovuja ndani yake. Mchwa hawakuonekana. Plasta iliyobanduka, asilimia sifuri. Akina mama waliolalamikia joto wakiwa ndani ya chumba hicho, hakuna. Niambieni ni jengo gani, katika milima yote ya Upare na tambarare zake zote, limepata sifa kama hizo. (Watu wanatazamana. Wengine wananyoosha shingo kutazama uwanja ulio nyuma ya meza, wenye nyasi na mbuzi wawili.)

Sifa hizo si zangu peke yangu, ingawa kwa sehemu kubwa ni zangu. Ni zenu pia. Mzee Swalehe alipopuliza baragumu la msaragambo, mliacha mashamba yenu, mkabeba mawe ya msingi kutoka mtoni, wanawake kwa wanaume, vichwani na mabegani. Mawe hayo nayaona. Mmeyakalia. Kwa lugha ya kitaalamu, msingi wetu kwa sasa umo katika hatua ya viti, na nawapongeza kwa kutopoteza hata jiwe moja.

(Bi Mwanahalima anasimama. Anasema kwamba yeye hakuja kusikiliza habari za ukuta. Anasema masika yaliyopita Kamati iliezua mabati ya chumba cha zamani, ikidai jengo jipya lazima lianze na paa lililokwisha zoea akina mama wa hapa. Tangu siku ile anazalisha chini ya turubai la kuanikia mpunga. Anamwonyesha Priska, aliyekaa kando ya meza, tumbo limeshuka, na kusema kwamba huyu mwezi wake ndio huu, na mawingu ya vuli yamekwisha kaa mlimani. Mabati yako wapi?)

Swali zuri, bibi, na nafurahi kwamba limeulizwa kwa ukali wa wastani. Mabati yako katika majaribio ya joto.

(Anauliza majaribio hayo yanafanyika wapi.)

Mahali maalumu. Tunachunguza mtu anayekaa chini ya mabati hayo siku nzima anakuwa katika hali gani. Matokeo ya awali yanaonyesha kwamba anatokwa jasho na kusinzia ifikapo saa nane, hata kama ana majukumu mazito.

"Yako juu ya ofisi yetu, bibi," dereva akasema. "Niliyapeleka mwenyewe."

Ndugu Lugano, dereva hachangii katika hotuba.

"Sijachangia hotuba, mzee. Nimemjibu bibi."

"Lori lina mafuta?" Bi Mwanahalima akauliza.

"Ya kwenda na kurudi."

Ndugu wananchi, mafuta hayo yametengwa kwa madhumuni mengine, na ningependa sasa kugeukia kipengele cha nne cha hotuba yangu, kinachohusu mustakabali wa (Mzee Swalehe anapuliza baragumu la msaragambo, mara moja, kwa pumzi ndefu) nashukuru, mzee wangu, nashukuru sana kwa heshima hiyo, sikuitegemea. Naona na wananchi mmesimama. Si lazima msimame. Nami ni mtu wa kawaida. (Wanawake wanaelekea kwenye lori.) Akina mama, kivuli hakipo upande huo. Lori hilo ni chombo cha Kamati, na haliruhusiwi kupandwa isipokuwa na mjumbe wa Kamati. (Wanawake wanapanda. Wanaume wanafuata, na mmoja wao amebeba ngazi.) Ndugu mwenye ngazi, hiyo ngazi ni ya nini? Ningependa maelezo ya ngazi yapitie utaratibu. Mabati yale yamepigiliwa vizuri, na mezani kwangu kuna vitu ambavyo mvua haitakiwi kuvifikia. Ndugu Lugano, usiwashe. Nimesema usiwashe.

(Lori linaondoka kuelekea Same. Juu yake wanawake wanaimba wimbo wa kubebea mawe, na Bi Mwanahalima amekaa mbele, kwenye kiti cha Katibu Mtendaji.)

Ndugu wananchi mliobaki. (Wamebaki Priska, wafugaji wawili wanaokusanya ng'ombe wao, na mbuzi.) Hotuba iliyoanzwa lazima imalizwe, kwa sababu Kamati yangu haina desturi ya kuacha jambo katikati. Nikisema "ukuta", mnajibu "imara". Ukuta! (Mbuzi mmoja analia.) Nikisema "matabaka", mnajibu "yashikamane". Matabaka! (Mbuzi anaendelea kula nyasi.) Basi na iwe hivyo.

Imebaki kutoa shukrani. Nawashukuru wanakijiji wote kwa kukitunza chumba hiki tangu masika ya mwaka juzi hadi leo, bila kukichora kwa mkaa, bila kuvunja dirisha lake, na bila kufunga mbuzi mlangoni. Kazi hiyo ya utunzaji, nakiri, ilirahisishwa na jambo moja la kiufundi, nalo ni kwamba chumba hakijajengwa, wala ramani yake haijachorwa, wala chokaa haijaagizwa. Nawashukuru pia wajumbe wa Kamati kwa umoja wao usiotetereka. Umoja huo nao ulirahisishwa na ukweli kwamba mjumbe ni mimi. Na nakushukuru wewe kwa namna ya pekee, mama uliyekaa hapa mbele. Wenzako wote wameondoka, na wewe, pamoja na hali yako, umeonyesha nidhamu ya kusikiliza hotuba mpaka mwisho.

"Sikubaki kwa ajili ya hotuba, baba," Priska akasema. "Mimi sasa siwezi kupanda lori. Bibi ameniambia nikulinde, usiondoke mpaka mabati yarudi."

Vyema. Na yakirudi?

"Yakirudi utapanda kuyapigilia. Anasema wewe unajua joto kwa kinyume chake, kwa hiyo uanze kulijua kwa upande wake."

Vyema sana. Na baada ya kuyapigilia?

"Baada ya hapo sijui. Bibi hakusema. Anasema atafikiri."

(Katibu Mtendaji anatazama barabara ya Same, ambako vumbi la lori bado halijatua. Analivua koti, analikunja, na kulikalia juu ya jiwe moja la msingi, kando ya Priska.)

Ndugu wafugaji, kabla hamjaenda. Mmoja wenu akipita Same, tafadhali afike nyumbani kwangu, amwambie mke wangu asiniwekee chakula cha usiku, na asiwe na wasiwasi akiona kimya. Amwambie nitamwandikia, mara tu Bi Mwanahalima atakapotoa uamuzi.