Fundi Nguo Mpya Asichanganywe na Fundi Viraka

Mzee Msimamizi wa Jengo,

Shikamoo. Kwa masikitiko yasiyo na kifani nakutangazia kwamba jana, saa nne asubuhi, mmoja wa mafundi viraka wa chumba cha pili alionekana koridoni amevaa futi ya kupimia shingoni, kama mimi.

Nasikia Jumatatu unapachika kibao kimoja kwa vyumba vyetu viwili: MAFUNDI NGUO. Mzee wangu, mimi nashona nguo mpya, kuanzia kitambaa. Wao wanaziba matundu. Sikiliza kwanza.

1. Sina ubaguzi. Fundi saa wa hapo chini nampenda, na muuza nyama namsalimia kwa mikono miwili. Hawafanani nami hata chembe, basi tunaishi kwa amani. Lakini hawa wa chumba cha pili wana cherehani kama yangu, uzi kama wangu, mpaka mgongo uliopinda kama wangu. Mtu wa namna hiyo utamvumiliaje?

2. Mama mmoja mtu mzima alichungulia kwangu, akachungulia kwao, akasema, "Aa, nyie si walewale tu." Fundi viraka akamjibu, "Walewale, mama. Huyu mwenzetu ana kioo tu." Siku mbili kioo nilikigeuzia ukutani.

3. Kazi yao inazidi kuwa nzuri, jambo ambalo ni utovu wa adabu. Juzi niligeuza koti la mteja ndani nje nikitafuta kiraka chao, nisikione. Kiraka cha kweli hujitambulisha, watu tukajua nani ni nani.

4. Mke wangu huniambia, "Baba watoto, ukianza kuwasema hao, hata mgongo unanyooka." Ni kweli. Sasa ukituwekea kibao kimoja, nitanyooka kwa kumsema nani?

Kwa hiyo naomba vibao viwili, changu kikae juu. Futi zao wazifunge kiunoni. Ukuta wa katikati uongezwe tofali. Yote yakishindikana, waandikishe kuwa wauza nyama. Nitawapenda siku hiyohiyo.

Nisalimie nyumbani kwako, mlinzi wa getini, na hao wa chumba cha pili pia, ila usiseme salamu zimetoka kwa nani.

Wako katika ushonaji halisi,
Fundi Suti, chumba cha kwanza

Tanbihi: Jibu lipeleke chumba cha pili. Tangu mwezi uliopita hakuna aliyeniletea kitambaa. Wamenipa kiti, nabadilisha zipu.