Kichwa cha Mfano

Jumatatu, 1 Agosti 1960
Wallahi safari hii ni yangu! Daktari Msellem katangaza: mwanafunzi mmoja tu atakwenda Unguja kusomea eksirei. Mtihani Alhamisi, kusoma picha za vichwa. Leo kafundisha. Mifupa hutoka myeupe, ubongo wenyewe hauonekani. Katikati ya kichwa pana kipunje cheupe. Kikisogea upande, ujue kuna kitu kinakisukuma. Mwanafunzi mwenzangu Moza kaandika kurasa nne. Mimi hata mstari. Nimemwambia mama akaange visheti vya safari.

Jumanne, 2 Agosti
Nimekwenda Chokocho kwa Mwalim Nyange. Kanifungia hirizi ya mtihani, ndani ya kibati. Sharti lake: isitoke kichwani mpaka mtihani uishe. Nimeishonea ndani ya kofia, mbele. Maskini Moza na kurasa zake!

Jumatano, 3 Agosti
Daktari kataka kupiga picha kichwa kizima, kisicho maradhi, kiwe mfano. Nikaruka mbele! Ngwali, mpiga picha, kaniambia nivue kofia. Nikasema nina mafua. Kaguna, kapiga hivyo hivyo. Jioni nimeaga majirani wote hapa Wawi. Bi Mwanapili kalia.

Alhamisi, 4 Agosti
Nimepewa picha moja. Fuvu, na penye paji la uso kidude cheupe, cha mraba. Rahisi! Nikasema huyu ana uvimbe mbaya, apasuliwe leo leo, na hata akipona akili hazimrudii. Daktari kauliza kama nina hakika. Nikaapa. Nikaongeza kwamba kwa fuvu lile, hata kabla ya kuugua alikuwa mzito.

Akamgeukia Moza. Moza akasema uvimbe hauna pembe nne. Kile ni kibati cha hirizi, na mwenye kichwa ni mzima, labda mbishi tu. Daktari akabandua karatasi pembeni mwa picha. Jina langu! Mbarouk! Ngwali kacheka mpaka kakaa chini. Daktari kasema picha itabaki darasani, ya kufundishia. Aibu niliyoiona!

Jumamosi, 6 Agosti
Moza kaondoka. Mama kampa visheti vyangu, vyote, na mimi ndiye niliyevibeba hadi bandarini. Kurudi, Bi Mwanapili kauliza: mara hii tu nimesharudi, Unguja hawajambo? Nikamjibu hawajambo, wanasalimu.

Nimekaa nikafikiri. Kosa nimeliona: bati! Nimekwenda tena Chokocho. Mwalim Nyange kakubali kunifungia nyingine, ya kitambaa. Hiyo eksirei haiioni.